Joistiki ya Bei Nafuu Ikisumbua: Kutambua Dalili, Kutafuta Chanzo na Kujua pa Kukomea

Joistiki ya bei nafuu, yaani ule mpini wa kuongozea ndege kwenye michezo ya kompyuta, haina maradhi mengi. Malalamiko ya wanaoitumia kuchezea kwenye kompyuta, ukiyasikiliza kwa muda, ni yale yale: ndege inalala upande mmoja ilhali hakuna mkono uliogusa mpini, pua yake inatetemeka, kitufe kimebonyezwa mara moja kikahesabiwa mara mbili, au kompyuta inapoteza kifaa katikati ya mchezo. Karibu kila dalili kati ya hizo inaweza kutoka nje ya joistiki kabisa, na inaweza pia kutoka ndani ya kitako chake. Kuvitenganisha vyanzo hivyo viwili ndiko kunakoamua kama utabadilisha mpangilio mmoja tu, utairudisha ulikoinunua, au utashika bisibisi.

Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi na kukaguliwa kwa urahisi zaidi, kisha nimeshuka hadi kwenye vile vya nadra. Ninamsihi msomaji asiruke hatua za mwanzo, kwa sababu joistiki nyingi nzima zimefunguliwa bure, na baadhi yake hazikufungika tena vizuri.

Kwanza zitazame namba zenyewe

Kosa linaloponza wengi ni kuanza kurekebisha mipangilio ya mchezo. Mchezo hauonyeshi joistiki ilivyo. Unaipokea namba inayotoka kwenye kifaa, unaipitisha kwenye mikunjo ya usikivu, yaani kanuni za kuukuza au kuupunguza mwendo wa mkono, unaikata kwa dedizoni, yaani ule mwendo mdogo wa katikati ambao mchezo huamua kuupuuza, halafu ndipo unaigeuza kuwa mwendo wa ndege. Ukitafuta hitilafu mwishoni mwa safari hiyo, hutajua ilianzia wapi.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika joy.cpl, chagua joistiki yako, kisha ufungue sifa zake. Utaona msalaba mdogo unaofuata mpini, michirizi ya mihimili mingine, yaani pande nyingine za mwendo ambazo kila moja hutoa namba yake, na taa za vitufe. Ukurasa huo huonyesha thamani zilizokwisha kusawazishwa, yaani kulinganishwa na katikati na ncha za mpini. Ukitaka thamani ghafi, ingia kwenye hatua za kusawazisha na uweke alama kwenye kisanduku cha kuonyesha data ghafi. Kwenye Linux, programu za jstest na evtest hufanya kazi hiyo kwa uwazi zaidi, maana huandika namba zenyewe.

Weka joistiki mahali tambarare na uache mpini dakika nzima bila kuugusa, ukitazama kama namba imetulia. Kisha sukuma mpini hadi mwisho, uachie urudi wenyewe, na uandike kwenye karatasi namba ulipotulia. Rudia mara kumi kwa kila upande. Baada ya hapo usogeze polepole sana kutoka ncha moja hadi nyingine; namba inapaswa kupanda bila kuruka. Malizia kwa kuzungusha mpini, yaani kuusokota kushoto na kulia papo hapo ulipo, kupandisha na kushusha wenzo wa kasi, na kubonyeza kila kitufe mara ishirini. Karatasi hiyo itakufaa katika kila sehemu ya mwongozo huu, na miezi sita baadaye itakuambia kama kifaa kinazidi kuchakaa au kiko palepale.

Onyo la kwanza linakuhusu kabla hujaendelea. Ikiwa joistiki bado imo ndani ya muda wa kurudishwa au wa dhamana, usiifungue kwa sababu yoyote. Rekodi video ya ukurasa wa majaribio ukionyesha hitilafu, na uirudishe. Aidha, kifaa chochote kikitoa harufu ya kuungua, kikipata joto lisilo la kawaida, au kompyuta ikionya kwamba tundu la USB linatumia umeme kupita kiasi, kichomoe hapo hapo na usikichomeke tena ili kuhakikisha. USB hutoa volti 5 tu, na umeme huo hautakudhuru, lakini shoti ndani ya kifaa inaweza kuharibu tundu au hata bodi kuu ya kompyuta.

Mpini umeachwa, lakini ndege inavuta upande mmoja

Hali hii wachezaji huiita drifti, na ndiyo inayosababisha joistiki nyingi kuhukumiwa kabla ya wakati.

Chanzo kinachotokea zaidi ni katikati iliyosomwa vibaya. Baadhi ya joistiki huchukua nafasi ya mpini wakati wa kuchomekwa kuwa ndiyo katikati, na kama mkono ulikuwa umeegemea mpini sekunde hiyo, kosa litabaki hadi utakapoichomoa. Ichomoe, acha mpini huru, kisha uichomeke tena bila kuigusa. Ikiwa bado inavuta, fungua mipangilio ya joy.cpl, irejeshe kwenye hali ya awali, halafu uisawazishe upya. Wakati wa kusawazisha, zungusha mpini mara mbili au tatu kwa utulivu mpaka kingo zote, bila kuukandamiza kwenye ncha. Ukiukandamiza, plastiki hujipinda kidogo na kompyuta hujifunza upeo ambao mkono wako hautaufikia tena kwa matumizi ya kawaida.

Chanzo cha pili ni kifaa kingine kinachosema kwa wakati mmoja. Michezo mingi ya urushaji ndege hugawa mihimili yenyewe kwa kila kifaa inachokikuta, hivyo pedi ya kawaida, ile ya kushikwa kwa mikono miwili, iliyochomekwa nyuma ya kompyuta, au pedali za miguu, inaweza kuwa imepewa usukani uleule uliopewa joistiki. Mimi niliwahi kusawazisha joistiki jioni nzima ilhali ukurasa wa majaribio ulionyesha msalaba umetulia katikati kabisa. Kumbe pedi ilikuwa imelala kifudifudi kwenye kiti, kijiti chake kimekandamizwa, na mchezo ulikuwa ukiitii pedi. Ikiwa namba zimetulia kwenye ukurasa wa majaribio na ndege bado inavuta, chomoa vifaa vingine vyote, kisha ukague ugawaji wa mihimili ndani ya mchezo mmoja baada ya mwingine. Kumbuka pia kwamba ndege nyingi zenye rafadha, zikiigwa kwa uhalisia, huvuta upande mmoja zikiongezewa nguvu wakati wa kuruka. Hiyo si hitilafu.

Chanzo cha tatu ni cha kimitambo, na karatasi yako ndiyo itakayokifichua. Tuseme joistiki inatoa thamani kati ya 0 na 1023. Ukiisukuma kushoto na kuiachia inatulia kwenye 498. Ukiisukuma kulia na kuiachia inatulia kwenye 526. Kila upande hurudi palepale, lakini pande mbili hazikutani. Hapo kihisi ni kizima; kilicholegea ni springi au fremu inayobeba mpini, ambayo katika vifaa vya bei nafuu hutengenezwa kwa plastiki inayosuguana na plastiki. Pengo hilo la namba 28 halifiki asilimia 3 ya mwendo wote, na dedizoni ndogo italimeza bila wewe kuhisi. Kusafisha hakutalipunguza, wala kusawazisha, maana katikati yenyewe ni mbili.

Chanzo cha nne ni kihisi. Joistiki nyingi za bei ya chini hupima mwendo kwa potenshomita: ukanda mwembamba wa kaboni wenye umbo la upinde, na juu yake kidole kidogo cha chuma kinachoteleza. Kila kikisogea, kinasoma volti tofauti. Ubaya wa mpangilio huu ni kwamba kidole hukaa sana katikati, hivyo ukanda huchakaa zaidi mahali hapo, na vumbi la kaboni hujikusanya palepale pa kupumzikia. Niliwahi kufungua joistiki iliyokuwa ikivuta kushoto, nikauelekeza mwanga wa taa kwenye ukanda wake mweusi. Pembeni ulikuwa umefifia kwa usawa, lakini katikati palikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba kama unywele, mahali ambapo kaboni ilikuwa imelika. Dalili yake kwenye ukurasa wa majaribio ni tofauti na ile ya springi: namba hairudi mahali pamoja hata ukiachia kutoka upande uleule, na wakati mwingine hutangatanga mpini ukiwa umetulia.

Jaribu kwanza bila kufungua: sogeza mpini kutoka ncha hadi ncha mara hamsini kila mhimili. Kama ni vumbi tu, msuguano huo mara nyingi hulisukuma pembeni na kifaa kikapata nafuu ya siku au wiki kadhaa. Nafuu ya muda ni uthibitisho kwamba tatizo liko kwenye ukanda.

Hapa ndipo dedizoni inapotumiwa vibaya. Kuiweka asilimia 2 hadi 5 ni jambo la kawaida kwa joistiki ya bei nafuu. Lakini mtu anayeiongeza kutoka 5 hadi 8, kisha 12, kisha 20, anaufunika ugonjwa unaokua, na kila anapoufunika anapoteza sehemu ya mwendo iliyo karibu na katikati, ambayo ndiyo hutumika kulenga na kutua. Kwa maoni yangu, joistiki mpya inayohitaji zaidi ya asilimia 5 ili itulie inafaa kurudishwa, na iliyokuukuu inayovuka asilimia 10 imefikia wakati wa kusafishwa au kubadilishiwa kihisi.

Ukiamua kusafisha, ichomoe kwanza, kisha ufungue skrubu za chini ya kitako; mara nyingi moja au mbili hufichwa chini ya mipira ya miguu au kibandiko. Fungua kitako kikiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki usio na rangi, mikono yako ikiwa ndani pia, kwa sababu springi ya mpini hukaa imebanwa na ikiruka huvuka chumba. Piga picha kila hatua. Nyunyiza kiasi kidogo cha kisafishio cha viunganisho vya elektroniki kisichodhuru plastiki kwenye upenyo wa potenshomita, au tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, kisha ukizungushe kijiti chake mara kadhaa na uache pakauke nusu saa kabla ya kuchomeka. Usitumie mafuta ya kunyunyizia yanayotumika kulegeza kutu. Huyeyusha grisi iliyowekwa kiwandani na huacha utando unaonasa vumbi jipya.

Ikiwa mstari unaong'aa unaonekana, kusafisha hakutarudisha kaboni. Potenshomita ibadilishwe kwa nyingine yenye ukinzani uleule, umbo lilelile na urefu uleule wa kijiti cha kuzungushia. Kwenye nyingi, maandishi B10K humaanisha ohmu 10,000, na herufi B kwamba badiliko lake ni la usawa mwanzo hadi mwisho. Ukiweka yenye herufi A, ambayo hutumika kwenye vidhibiti vya sauti, mpini utakuwa mwepesi upande mmoja na mzito wa kuitika upande mwingine. Kazi hii inahitaji kulehemu. Kama hujawahi kulehemu kwenye bodi ya elektroniki, komea hapa na umpelekee fundi wa elektroniki, ukimpa na karatasi yako ya namba. Kwa fundi ni kazi ndogo, lakini joto likizidi kwa asiyezoea hubandua njia za shaba kwenye bodi, na hasara hiyo ni vigumu kuirekebisha.

Namba zinaruka au kutetemeka mpini ukiwa unasogezwa

Dalili hii hufanana na drifti lakini huonekana wakati wa mwendo: msalaba unapanda vizuri, unaruka ghafla hadi pembeni, unarudi. Ndani ya mchezo, pua ya ndege hupiga kichwa mara moja bila sababu.

Anza na umeme. Chomeka joistiki moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, ikiwezekana la nyuma kwenye kompyuta ya mezani, badala ya habu, yaani kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi. Habu isiyo na umeme wake hugawa umeme wa tundu moja kwa vifaa vyote, na volti ikiyumba, thamani inayosomwa kwenye potenshomita inaweza kuyumba nayo. Ikiwa umerefusha kebo, ondoa kirefusho. Kwa USB 2.0 urefu wa kebo haupaswi kuzidi mita 5.

Hilo lisiposaidia, angalia mahali mruko unapotokea. Ukitokea kila mara kwenye namba ileile, kwa mfano kila unapopita 700, ni uchafu au mkwaruzo kwenye ukanda mahali hapo, na tiba yake ni ile niliyoieleza juu. Ukitokea ovyo, hasa unapogusa au kutikisa kebo, ni waya uliolegea. Ukitokea tu unapozungusha mpini, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata.

Joistiki zinazotumia kihisi cha sumaku, kinachofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, hazina ukanda wa kulika, kwa kuwa sumaku hupita mbele ya kihisi bila kukigusa. Hizo zikitetemeka, sogeza mbali spika, simu yenye kifuniko cha sumaku na kitu kingine chochote chenye sumaku kilicho karibu na kitako, kisha upime tena. Mnunuzi ajue jambo moja zaidi: tangazo la kihisi cha sumaku kwenye joistiki ya bei nafuu mara nyingi linahusu mihimili miwili ya mpini pekee, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mzunguko wa mpini na wenzo wa kasi huweza kubaki na potenshomita, na ndivyo vitakavyochakaa kwanza.

Kuzungusha mpini kumekufa, au kunafanya kazi upande mmoja tu

Nyaya zote za vitufe vya juu, na mara nyingi za kihisi cha mzunguko pia, hupita ndani ya shingo ya mpini kushuka kwenye kitako. Kila unapozungusha mpini, nyaya hizo husokotwa na kusokotolewa. Baada ya miezi mingi, mmoja hukatika ndani ya ganda lake bila dalili kwa nje. Jaribio ni rahisi: shika mpini ukiwa umezungushwa kidogo kushoto na ubonyeze vitufe vyote vya juu, kisha ufanye hivyo ukiwa umezungushwa kulia. Kama kitufe au mhimili unafufuka upande mmoja na kufa upande mwingine, waya umekatika shingoni.

Kwa aliye na multimita, yaani kipimo cha umeme cha mkononi, joistiki ikiwa imechomolewa na kufunguliwa, pima mwendelezo wa kila waya huku mwenzako akizungusha mpini polepole. Waya mbovu utakatisha mlio. Usiunganishe kwa kusokota nyaya na kuzifunga utepe, kwa sababu kiungo hicho kitavimba, kitasuguana na shingo na kukata jirani zake. Waya wote ubadilishwe kwa ulio laini, wenye nyuzi nyingi nyembamba, na uachiwe ulegevu wa kutosha ndani ya kitako. Hii ni kazi ya subira kuliko ya ujuzi mkubwa, lakini nafasi ni finyu. Asiye na mkono uliozoea kulehemu vitu vidogo amwachie fundi.

Wakati unasubiri, gawa usukani wa mkia kwenye vitufe viwili au kwenye pedali, na uzime mhimili wa mzunguko ndani ya mchezo ili usirushe namba za uongo.

Kompyuta haioni joistiki, au inaipoteza katikati ya mchezo

Geuza kitako kwanza. Baadhi ya joistiki zina swichi ndogo ya kuchagua kati ya kompyuta na mashine ya michezo, na ikiwa upande usiofaa, kompyuta hupokea kifaa isichokielewa. Badilisha swichi kebo ikiwa imechomolewa. Kisha jaribu tundu lingine, na kompyuta nyingine kama ipo. Joistiki za kawaida hufuata kanuni ya jumla ya vifaa vya kuingiza taarifa na hazihitaji draiva maalumu, yaani programu ya kuzitambulisha kwa kompyuta, ili zionekane. Ikiwa kebo ni ya kuchomoka, ibadilishe, kwa kuwa baadhi ya kebo zinazouzwa kwa ajili ya simu hubeba umeme pekee bila taarifa. Taa itawaka, na kompyuta haitaona kitu.

Kama inaonekana lakini hupotea baada ya muda, hasa kwenye kompyuta mpakato, chunguza mpangilio wa kuokoa umeme. Windows ina chaguo la kulaza matundu ya USB yasiyotumika, na kifaa kikilazwa huenda kisiamke ipasavyo. Lizime chaguo hilo kwenye mipangilio ya kina ya umeme, na kwenye orodha ya vifaa ondoa ruhusa ya kompyuta kuzima habu ya USB. Ikipotea unapoisogeza joistiki yenyewe, chanzo ni kebo, mara nyingi pale inapoingia kwenye kitako. Ikunje taratibu mahali hapo huku ukisikiliza mlio wa kuchomoka na kuchomekwa. Acha kuichezea punde unapouthibitisha mkato, kwa sababu nyaya mbili zilizochunika zikigusana hapo ni shoti.

Ukurasa wa majaribio unaiona, mchezo hauisikii

Hapa kifaa hakina kosa. Michezo mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya pedi husikiliza lugha ya XInput, iliyokuja na pedi za Xbox 360, huku joistiki nyingi zikizungumza DirectInput ya zamani zaidi. Mchezo unaoelewa lugha ya kwanza pekee hautaisikia joistiki hata ufanyeje ndani ya mipangilio yake, na njia iliyopo ni programu ya kati inayoigeuza joistiki ionekane kama pedi. Steam, programu ya kununulia na kuendeshea michezo, ina uwezo huo ndani yake. Uwezo huohuo wa Steam, kwa upande mwingine, unaweza kuuvuruga mchezo wa urushaji ndege unaoielewa joistiki vizuri, hivyo uzime kwa mchezo huo na ujaribu tena.

Chomeka joistiki kabla ya kufungua mchezo, maana baadhi ya michezo huhesabu vifaa mara moja tu mwanzoni. Na ukihamisha joistiki kwenda tundu lingine, usishangae mipangilio yote ikapotea; baadhi ya michezo huihesabu kuwa kifaa kipya. Chagua tundu moja ukae nalo.

Kitufe kinahesabu mara mbili, au kinataka kubonyezwa kwa nguvu

Kitufe cha kufyatulia ndicho kinachotumika zaidi, na ndicho kinachoanza. Kama kina mlio mkavu wa kubofya, ndani kuna swichi ndogo ya chuma; ulimi wake ukichoka hudunda unapogusa, na kompyuta huhesabu kila mdundo. Baadhi ya michezo na programu za joistiki hukuruhusu kupuuza mbonyezo wa pili unaofuata ndani ya milisekunde chache, na hiyo ni tiba ya kutosha kwa wengi. Kitufe laini kisicho na mlio hutumia mpira wenye kaboni chini yake. Hicho kikianza kutaka nguvu, fungua na uifute kaboni na njia za shaba kwa pamba yenye alkoholi kidogo, bila kukwangua. Swichi iliyochoka hubadilishwa kwa kulehemu, na onyo nililotoa kuhusu kulehemu linahusu hapa pia.

Mpini unakwama katikati, au kitako kinanyanyuka

Kama mpini unahitaji msukumo kabla haujaanza kusogea kisha unaruka kupita ulipotaka, grisi imekauka au haikuwekwa ya kutosha. Futa ya zamani kwenye viungo vya plastiki na upake kiasi kidogo cha grisi ya silikoni, mbali na potenshomita. Kitako kinachonyanyuka ni chepesi tu. Kifunge mezani kwa kibanio au kibandike kwa utepe wa pande mbili. Mengi yanayoitwa ukosefu wa usahihi yametokana na kitako kinachoteleza.

Joistiki zinazorudisha nguvu mkononi kwa mota, hasa zenye adapta yake ya umeme wa ukutani, zisifunguliwe na asiye fundi. Adapta yenyewe haifunguliwi kabisa. Zile zisizo na waya zikionyesha betri iliyovimba, acha kuzitumia na kuzichaji papo hapo, usiitoboe betri, na uzipeleke kwa fundi au mahali panapopokea betri mbovu.

Mwendo ni wa ngazi ngazi, ingawa kila kitu ni kizima

Dalili hii huja mwisho kwa sababu si uharibifu. Sogeza mpini polepole kadiri mkono unavyoweza huku ukitazama thamani ghafi, na uone inapanda kwa hatua za ukubwa gani. Joistiki yenye biti 8 ina hatua 256 tu kwa mwendo mzima. Yenye biti 10 ina 1,024. Yenye biti 12 ina 4,096. Mpini unaosafiri digrii 40 kutoka ncha hadi ncha, ukigawanywa kwa hatua 256, hubadilisha namba takriban kila digrii 0.16, na anayejaribu kuelea kwa helikopta au kujaza mafuta angani ataziona ngazi hizo kwenye pua ya chombo chake.

Hakuna kusafisha wala kusawazisha kunakoongeza hatua. Unaweza kulainisha mkunjo wa usikivu ndani ya mchezo ili hatua za karibu na katikati zisababishe mwendo mdogo zaidi, ukikubali kwamba za pembeni zitakuwa kubwa, na kwa michezo mingi ya mapigano ya angani badiliko hilo linatosha. Kwa urushaji wa helikopta halitoshi. Ukiliona jambo hili ndani ya muda wa kurudisha na helikopta ndiyo uliyoinunulia, irudishe uchukue yenye hatua nyingi zaidi, hata kama ina vitufe vichache.